Mafuta ya Koko na Bamba la Fedha

Juzi baada ya ibada, wanangu, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli kwamba kazi yangu ilikuwa kupiga picha moja kutwa nzima. Aliuliza simu ikiwa mkononi, na kabla sijafungua kinywa alikuwa amekwisha kunipiga picha rundo zima, zote nimefumba macho. Wenzake walicheka, nami nikacheka, maana kicheko chenu ni kama miayo, hakimwachi mtu. Lakini nilipofika nyumbani Hallonbergen nikajiambia: hawa watoto wataniona nikizeeka tu, wala hawatajua nilikuwa nani. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jibu ni ndiyo. Kutwa nzima, picha moja. Na zilikuwapo siku ambazo hiyo moja tuliifuta jioni, tukanywa kahawa, tukaenda zetu.

Picha zenyewe hazikuwa za karatasi. Unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha upande mmoja, unalisugua mpaka linakuwa kioo, na mtu anabaki humo kwenye kioo. Jina lake ni dagerotipu. Ndivyo watu walivyopigwa picha zamani sana, kabla ya karatasi na kabla ya filamu. Haina nakala. Ukiipoteza, imepotea, na ukiipitishia kidole, pua ya mtu inabaki kidoleni mwako. Vijana mnaobonyeza bonyeza mnaweza kuona ni adhabu. Mimi naiita kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimefanya nyingi.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilipotoka Uvira, Kongo, na kufika huku Uswidi, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa Jordbro, kwenye karakana ya kupaka vyuma fedha. Tulikuwa tunapokea vitasa, vijiko, mapambo ya milango, na mimi nilikuwa wa kusugua. Mara moja moja alikuja mwanamke mrefu, nywele za mvi zimekatwa kama za mvulana wa shule, amekumbatia blanketi la mtoto mchanga. Siku ya kwanza nilisogea kumwangalia mtoto. Ndani ya blanketi mlikuwa na mabamba ya shaba, kila moja limefungwa kwa kitambaa laini. Huyo ndiye Gunnel.

Karakana ile ilipofungwa, Gunnel alikuja kuchukua mzigo wake wa mwisho akatukuta tunakula keki ya kuagana. Akauliza kwa sauti, "Nani husugua mabamba yangu?" Wote wakaninyooshea kidole. Nikaweka keki chini, nikajua nimekwisha. Akaniambia, "Kesho njoo Tumba." Kisha naye akakata kipande cha keki.

Chumba chake cha kazi kilikuwa Tumba, si mbali na stesheni ya treni, nyuma ya duka la kutengeneza baiskeli. Alivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni mpaka miguuni, kila siku iendayo kwa Mungu. Nikajua mama wa watu yuko kwenye msiba. Kila asubuhi nilimpa pole, naye alijibu asante kwa adabu, akidhani ndivyo tunavyosalimiana kwetu. Tuliendelea hivyo mpaka theluji ikayeyuka. Siku nilipopata ujasiri wa kumuuliza ni nani aliyefariki, alicheka hadi akakaa chini. Bamba la fedha ni kioo, akanieleza. Ukilitazama umevaa nyeupe, weupe wako unajaa mle ndani na picha inageuka, giza linakuwa mwanga na mwanga unakuwa giza. Ili uione picha sawasawa, kitu cheusi lazima kiwe mbele yake. Wageni waliokuja na mashati meupe aliwashikia kitambaa cheusi cha mahameli mbele ya bamba, ndipo sura ikatokea. Kitambaa hicho kilining'inia karibu na mlango, na ole wake aliyekitumia kufutia mikono.

Jina lake lilinipa shida pia. Hapa mmezoea kumwita mkubwa wenu kwa jina tupu. Mimi ulimi ulikataa. Nilimwita Mama Gunnel. Alisema hana mtoto. Nikamwambia hilo halina uhusiano wowote na jambo tunaloongea. Mwishoni alilipenda, akawa analiitikia hata kwenye simu.

Sasa kusugua. Msidhani ni nguvu. Unaanza na unga laini mwekundu, halafu ubao uliovikwa ngozi ya paa, mkono unakwenda na kurudi kwa uzito uleule, hakuna hasira wala usingizi. Misuguo ya mwisho yote ilale upande mmoja, kwa mlalo, kama macho ya mtazamaji yalivyolala, la sivyo mikwaruzo itaonekana kama mvua usoni mwa mtu. Ukitaka kujua kama bamba liko tayari, lipulizie pumzi. Mvuke ukiondoka wote kwa pamoja, umemaliza. Ukiondoka kwa mabaka, rudi mwanzo, na usimnunie mtu.

Langu lilikuwa likiondoka kwa mabaka. Kila siku mabaka. Gunnel aliilaumu shaba, akalaumu unga, akalaumu unyevu wa Tumba. Nilikuwa nasugua huku nasali. Kisha asubuhi moja aliniona natoa kopo la mafuta mfukoni na kujipaka mikono kabla ya kazi, taratibu, mpaka viwiko, kama nilivyolelewa. Kwetu mtu mwenye mikono mikavu, iliyopauka, watu humuuliza kama hana ndugu. Na baridi ya hapa mnaijua. Nilikuwa najipaka asubuhi, najipaka baada ya kunawa, najipaka nikiwaza. Yote yalikuwa yakiingia kwenye ngozi ya paa, na kutoka hapo kwenye fedha.

Gunnel hakugomba. Aliandika kibao cha Kiswidi, herufi kubwa: MAFUTA MARUFUKU. Akakitundika juu ya meza yangu, akanipa glavu za pamba. Nilikiheshimu kibao kile miaka mingi. Mikono ilipauka, nikaivumilia. Ndilo jina nililopewa na wazazi, Vumilia.

Bamba likishasuguliwa, linawekwa juu ya kisanduku chenye iodini, kwenye mwanga hafifu. Mvuke wa iodini unalipaka rangi. Linaanza na manjano ya majani makavu, linakuja manjano ya ndizi iliyoiva, kisha linaanza kuwa waridi. Hapo hapo unaliondoa. Gunnel alinichorea rangi hizo kwa maneno marefu, lakini ni ile ndizi iliyonielewesha. Likikaa zaidi linakuwa bluu na unaanza upya.

Wakati wa kahawa, ambayo hapa ni ibada ya pili, Gunnel alinisimulia mwanzo wa kazi yetu. Alisema aliyeianzisha alikuwa Mfaransa mmoja, mchoraji wa mandhari za jukwaani, ambaye alichoka kuchora kwa mkono akataka mwanga umchoree. Hadithi ni kwamba aliweka bamba lililoharibika kabatini, akarudi siku nyingine akakuta picha imejitokeza yenyewe. Kumbe ndani ya kabati kulikuwa na zebaki iliyomwagika. Mimi hadithi hiyo naiamini nusu. Mafundi wanapenda uongo mtamu, nami ni fundi.

Ninayoiamini yote ni ya picha ya barabara ya Paris. Magari ya farasi yalikuwa yanapita, watu wamejaa, lakini bamba lilihitaji muda mrefu mno, na kila aliyekuwa na haraka alifutika. Barabara ikatoka tupu. Akabaki mtu mmoja tu, aliyekuwa amesimama kung'arishiwa viatu. Hakujua kama anapigwa picha. Viatu vyake vichafu ndivyo vilivyomweka duniani mpaka leo. Nikiwaona mnakimbilia treni namkumbuka.

Usanii wa wazee hao ulikuwa katika kumkalisha mtu. Nyuma ya kiti waliweka chuma chenye mikono miwili midogo ya kushika kichwa, kwa nyuma, kisionekane. Watoto walishikwa na mama zao waliofichwa chini ya shuka. Picha ikishakuwa tayari, mwenye mkono mwepesi alichukua brashi ya manyoya machache, akagusa mashavu kwa unga mwekundu, akapulizia pumzi ili ushike. Gunnel alifanya hivyo pia. Mimi alinikataza, kwa sababu nilimpaka bwana mmoja wa Södertälje mashavu yakawa kama ya bibi harusi.

Makosa mengine hayakuwa yetu. Picha hizi hugeuza kulia kuwa kushoto, kama kioo. Mpiga gitaa wa kwaya yetu, mtu wa Kampala, mpole sana, alipojiona kwenye bamba anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto alikosa raha. "Sister Vumilia, people will say I can't play," akaniambia, kisha akageukia Kiswahili chake cha kuunga, "Watu watasema mimi najifunza." Na wazee wetu wa Kongo walikuwa na kesi moja tu: miguu. Gunnel alipenda uso na mabega. Wazee walitaka viatu. Mzee mmoja alilitazama bamba, akanitazama, akauliza, "Na hii maguu yangu mumeipeleka wapi?" Tukawa tunawapiga wima, viatu na vyote, uso umekuwa mdogo kama punje ya maharage, wao wameridhika kabisa.

Lakini kulikuwa na shida ambayo haikuchekesha, na sasa ndipo ninapofika.

Bamba la fedha lina upendeleo. Linaona bluu kuliko rangi nyingine zote. Shati la bluu linatoka jeupe. Nyekundu na manjano vinatoka vyeusi. Na ngozi zetu hizi, za kahawia, zenye wekundu wa udongo ndani yake, bamba halizioni vizuri. Watu wetu walitoka viatu, mikanda, suti, yote safi kabisa, na mahali pa uso kuna kivuli. Tuliongeza muda, nguo zikaungua kwa mwanga. Gunnel aliumia. Nami niliumia zaidi, kwa kuwa walikuwa ndugu zangu, na walikuwa wananishukuru kwa adabu.

Mwaka mmoja sheria ikapiga marufuku zebaki nchini, na Gunnel, aliyeitumia maisha yake yote kukuzia picha kwenye kabati lenye feni, aliipeleka kwa wanaokusanya sumu na kujifunza njia nyingine ya wazee. Bamba likitoka kwenye kamera unaliweka chini ya kioo chekundu juani, basi. Mwanga unaopita kwenye wekundu unaikuza picha polepole mchana kweupe, watu wote wakitazama. Ni njia ya upole, haina sumu, lakini kwenye kamera inahitaji muda mrefu zaidi. Alinung'unika mwezi mzima. Halafu nilimkuta siku moja amekaa na kikombe mbele ya kioo chekundu, anatazama picha inavyokua, amesahau kunywa.

Kiangazi hicho mama yangu aliamua kurudi nyumbani Uvira. Wajukuu walimwita koko, yaani nyanya, kama kwetu. Neema, binti yangu mdogo, alimwita mormor, kwa sababu Neema alijibu kila kitu kwa Kiswidi. Koko alikuwa ameishi nasi Hallonbergen tangu tulipokuja, na alikuwa mtu wa kucheka, lakini ardhi ya hapa aliikataa. Alisema hawezi kuzikwa kwenye udongo unaoganda; atawezaje kusikia tarumbeta ya siku ya mwisho na barafu masikioni? Kaka yangu alimjengea chumba Uvira. Tikiti ilikatwa. Na Koko akawa na ombi moja: apigwe picha na Neema, kwenye fedha, wawili pamoja.

Neema akakataa.

Hebu niwaambie sababu. Majira ya baridi yaliyotangulia walipigwa picha ya darasa. Mpiga picha aliipima taa yake kwa nyuso nyeupe za wenzake. Wote walionekana vizuri. Neema alitoka macho na meno tu. Mtoto mmoja aliitazama akasema, "Neema alikuwa hayupo siku hiyo," na darasa likacheka. Tangu hapo hakukubali kamera yoyote. Siku yake ya kuzaliwa alijificha nyuma ya friji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alianza kukaa pembeni ya kila kitu. Nawaambia ukweli, mimi nilikuwa naweza kusugua bamba mpaka likaonyesha nyota, na nilikuwa sijui nimfanyeje mwanangu.

"Jag vill inte," alisema. Sitaki. "Sitatokea, mamma. Unajua sitatokea."

Koko hakuelewa Kiswidi, ila uso wa mtoto aliuelewa. Akamwambia, "Basi twende wote tukose kutokea. Mi na weye. Batu bataona viti." Neema akacheka bila kutaka, na kwa kicheko hicho tukampata.

Ilikuwa Jumamosi, siku chache kabla ya safari. Tulitoka Hallonbergen kwa metro, tukabadilisha kupanda treni ya Tumba, Koko amevaa kitenge chake cha harusi cha nyekundu na manjano na viatu vya kuabudia. Gunnel alikuwa ameandaa mabamba mawili makubwa. Hakuwa na mengine. Waliokuwa wanamtengenezea baada ya Jordbro walikuwa likizoni, kama Uswidi yote mwezi wa saba. Nilikuwa nimeyasugua mwenyewe wiki nzima.

Aliwakalisha uani, kwenye kivuli chepesi. Akafanya kama alivyofundishwa: akachukua leso safi, akawafuta nyuso ili zisimeremete. Kwa watu weupe ni lazima, mng'ao wa jasho unaungua kwenye fedha na kutoka doa la bluu. Nikapima muda kwa wimbo. Gunnel alikuwa na saa, lakini mimi nilizoea kuimba tenzi za kanisa polepole, kila ubeti na kipimo chake, kwa sababu mtu anayesikia wimbo hatikisiki kama anayesikia saa.

Tukaweka bamba chini ya kioo chekundu. Ilikuja kola ya Neema. Vikaja viatu vya Koko. Ukuta ukaja, kila tofali. Tulingoja. Mahali pa nyuso palibaki pamelala, visiwa viwili vya giza.

Neema hakulia. Alisema, "Nilisema," kwa Kiswahili, akaenda kukaa kwenye ngazi ya duka la baiskeli, mgongo kwetu. Ningependa angelia.

Gunnel alinitazama. "Limebaki moja," akasema. "Tunaweza kuliacha."

Koko alikuwa ameliinamia bamba lile muda mrefu. Akauliza, "Huyu mama alitufuta na leso ya nini?"

Nikamweleza. Mng'ao. Doa. Marufuku.

"Eeh," akasema. Akaingia chooni. Alipotoka alikuwa na kichupa chake kile walichokijua wakubwa wenu, mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, meusi, yananuka moshi. Alikuwa amejipaka uso, shingo, mikono, mpaka vidole. Alimeremeta. Akamwendea Neema kwenye ngazi, akamgeuza kidevu, akaanza kumpaka naye, paji, mashavu, pua, kwa dole gumba chini ya macho, namna ileile aliyonipaka mimi kabla ya shule.

"Mama," nikasema, "hapa mafuta ni marufuku."

"Weye unisikilize. Mi siwezi kaa mbele ya foto na uso mukavu sawa vile ngozi ya mbuzi. Na mutoto akitoka mu nyumba bila mafuta, batu banasema hana mama. Weye uko wapi? Umekufa?"

Nikamtafsiria Gunnel, nikiruka sehemu ya kufa. Nilitegemea aseme hapana. Alizitazama nyuso mbili zile kwenye mwanga wa uani, akasogea kushoto, akasogea kulia, akachuchumaa. Kisha alifanya kitu ambacho sitakisahau. Aliingia ndani, akakigeuza kile kibao cha marufuku kikatazama ukuta.

"Mbingu," akaniambia. "Angalia mashavuni mwao, Vumilia. Mbingu iko pale."

Kweli ilikuwa pale. Mafuta yalikuwa yanaokota bluu ya juu na kuiweka kwenye mfupa wa shavu, kwenye ukingo wa pua, kwenye mdomo wa chini. Bamba linapenda bluu. Basi tulikuwa tunalipa bluu. Gunnel alivisogeza viti kutoka kwenye kivuli hadi mahali palipo wazi, akavipinda kidogo ili mwanga uteleze usoni badala ya kugonga. Akaniongezea muda pia: "Imba ubeti mmoja zaidi." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilivaa glavu mbili mbili, kwa hofu ya kichupa kile, nikaliweka bamba.

Niliimba. Koko alikaa kama watu wa enzi yake wanavyokaa mbele ya picha, mgongo wima kama ukuta, mikono magotini, bila tabasamu, maana tabasamu ni la watu wasio na heshima zao. Hakuhitaji chuma cha kichwa. Neema alikuwa amemwegemea, na nilimwona anapumua kidogo kidogo ili asitikise bega la nyanya yake. Ubeti wa ziada niliuimba kwa sauti iliyokatika. Sikuimba vizuri. Lakini niliumaliza.

Tulikaa wote wanne mbele ya kioo chekundu na kahawa na maandazi niliyobeba. Ikaja kola. Vikaja viatu, namshukuru Mungu. Kitenge kilitoka cheusi kabisa na Koko akasikitika kidogo kwamba nguo ya harusi imegeuka ya matanga. Halafu, mahali pa giza, ikatokea alama ndogo nyeupe, nyembamba kama kucha. Lilikuwa shavu la Koko. Baada yake ikaja pua. Kisha paji la Neema, likaja lote, la mviringo, na chini yake macho mawili yakitazama mbele. Andazi la Neema lilibaki nusu njia.

Bado kulikuwa na kazi. Kuliosha bamba kwa dawa ya kulitoa ule umanjano, kisha kulimwagia maji ya dhahabu na kulipasha moto kwa chini, taratibu, mpaka picha ipate nguvu. Hapo ndipo mengi huharibika. Moto ukizidi, fedha inavimba malengelenge. Gunnel aliifanya mwenyewe. Nilimshikia taa.

Alipolilaza bamba mezani chini ya kioo chake cha kulilinda, aliinama kulitazama. Akakunja uso. "Sioni kitu," akasema, "najiona mwenyewe." Uso wake mweupe ulikuwa umejaa bambani, na picha ikawa imegeuka. Akaenda mlangoni kuchukua kitambaa chake cha mahameli.

Neema hakungoja. Alisogea, akainama juu ya fedha, akaegemeza mikono mezani. Na pale uso wake ulipoanguka kwenye kioo kile, ndani ya weusi wake mwenyewe, picha ilifunguka. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Koko mzima, kila mkunjo. Neema mzima. Aliposogeza kichwa kando ilipotea, aliporudisha ikarudi.

"Mamma," akasema. "Mormor. Inanihitaji mimi."

Gunnel alikuwa amesimama katikati ya chumba na kitambaa chake hewani. Alikishusha. "Mimi nimebeba hiki kitambaa miaka thelathini," akasema, akaketi kwenye kiti changu cha kusugulia, akacheka, akajifuta macho kwa mahameli ambayo hakuna aliyeruhusiwa kufutia chochote.

Lilibaki swali la nani ataichukua, kwa sababu haina nakala na Koko ndiye aliyeiomba. Nilikuwa nimekwisha kuifunga kwa ajili ya sanduku lake. Koko alinipokonya, akampa Neema. "Mi uso wangu nitaubeba mwenyewe," akasema. "Sina fasi ya kuweka ingine." Alisafiri na kichupa chake cha mafuta kwenye mkoba, wakamsumbua uwanja wa ndege, akawasumbua pia.

Koko alilala Uvira, kwenye udongo wa joto, kama alivyotaka. Gunnel alizeeka na kukifunga chumba cha Tumba, na kile kibao alinipa mimi. Kimetundikwa jikoni kwangu, bado kinatazama ukuta. Neema ninyi mnamjua, ndiye anayewafundisha watoto wa kwaya na kuwapigia kelele kwa lugha tatu. Picha iko sebuleni kwake. Wageni wake kutoka kazini husimama mbele yake, wanageuza shingo huku na huku, wanamwambia ni kioo kizuri.

Yeye huwaambia wasogee. Anakuja na kuinama mbele yao, na wao wanatazama juu ya bega lake, mahali uso wake ulipoangukia kwenye fedha, na Koko anatoka kuwaona.